Gemu Niliyoilipia

Mwavita aliponipigia simu nilidhani ananikumbusha arobaini ya mumewe, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mchele wangu uko tayari. Akasema si mambo ya mchele. "Njoo kabla ya siku yenyewe, dada Maju. Njoo peke yako." Nikaenda Kasingirima baada ya adhuhuri, jua likiwa limesimama juu ya mabati. Mwavita bado alikuwa eda, amekaa chumba cha ndani kwenye mkeka, na chumba kilinuka ubani na migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, iliyoning'inizwa ukutani kusubiri shughuli. Mbele yake kilikuwepo kikapu cha ukindu cha marehemu, kile ambacho Rama fundi alikibeba kwenye kila duka lenye kompyuta kuanzia Ujiji mpaka Mwanga, mpini wake umefungwa kipande cha khanga usimkate kiganja. Siku ya maziko sheikh alitangaza kwamba mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze, na watu walijitokeza: huyu redio, yule simu, mwingine jiko la umeme ambalo mwenyewe alikwisha kulisahau. Kikapu kikabaki kinapungua. Mwavita aliingiza mkono akatoa bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa, ndani yake CD moja, na juu ya CD maandishi ya kalamu nene kwa mkono wa Rama: GEMU YA MAJU. "Nimeuliza kila mtu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hakuna anayejua. Sasa niambie wewe, na usinifiche kwa sababu amekufa. Aliichukua kwako bila ruhusa? Maana watu walikuwa wanasema Rama anafungua vitu vya watu. Na wewe mwenyewe nasikia ulishawahi kumwita mwizi."

Mimi ambaye mtaa mzima unajua kwamba sikosi jibu, niliigeuza ile CD nikasoma tena jina langu. Nilimwomba anipe siku mbili. Kilichokuwa ndani nilikijua kabla hata sijaondoka pale, au nilidhani nakijua, lakini mjane anapokuuliza kama mumewe alikufa na haki ya mtu, humjibu kwa kudhani. Na ili nimjibu inabidi nirudi kwenye mwaka mmoja ambao sijawahi kumsimulia mtu. Wenzangu wakikumbuka ujana wao hukumbuka harusi na shule. Mimi nakumbuka mwaka ambao kompyuta yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa jasho langu mwenyewe, iliniuliza mara kwa mara kama mimi ni mwizi, na nikaapa kwamba itaniomba radhi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nimepanga chumba cha mbele pale Ujiji, kinachotazama barabara. Kuta zilipakwa rangi ya mafuta ya bluu mpaka kifuani, juu zikaachwa na chokaa. Kompyuta mbili, printa moja yenye kikohozi, benchi la wateja, na kibao nilichoandika kwa mkono: KUCHAPA, KOPI, GEMU. Asubuhi nilichapa barua za maombi ya kazi na kadi za michango ya harusi; alasiri vijana walikuja kucheza mpira kwenye kompyuta ya pili wakigombana mpaka walio msikitini wanatusikia. Mchana nilikula palepale sakafuni, ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese, na ingawa nilijitahidi kunawa, herufi M ya kibodi yangu ilikuwa na rangi ya chungwa mwaka mzima. Mtu akiketi kuchapa humwambii M iko wapi.

Sasa kikapu. Asiyekuwa wa kwetu hawezi kuelewa kilichonipata mpaka aelewe kikapu. Umeme wa wakati ule ulikuwa unakuja na kuondoka kwa hasira, na mvua zikianza radi za ziwani hazina adabu. Vifaa viliungua kila wiki, na kipuri kipya kilikuwa Dar es Salaam, mwendo wa treni siku tatu ikiwa treni yenyewe haijalala njiani. Basi sisi wenye vyumba vya kompyuta, ambao hatukuwa wengi, tulikuwa tunaazimana. Diski ya huyu inafanya kazi kwa yule leo, ramu ya yule iko kwangu mpaka Ijumaa. Rama ndiye aliyebeba, na kikapu chake ndicho kilichokuwa ghala letu. Hakuna aliyeandika. Rama alikumbuka kila kitu, kipi ni cha nani na kimepita wapi, na ukimuuliza alikusomea ukoo wa kifaa chako kizazi kwa kizazi. Ukifungua boksi la kompyuta yangu ungekuta nusu ya mtaa mle ndani. Lakini nilisema "kompyuta yangu" na kila mtu alinielewa.

Mwanzoni mwa mwaka ule nilipanda basi kwenda Kasulu kwa shughuli zangu, na kwenye kizuizi bwana mmoja wa uhamiaji akaingia kukagua. Alipita kwa wengine haraka, akasimama kwangu. Labda ni lafudhi yangu, labda ni pua yangu, sijui alichokiona. Akataka nithibitishe kwamba mimi ni Mtanzania, si mtu wa ng'ambo ya mpaka. Nikampa kitambulisho cha kupigia kura. Akakigeuza, akasema vya siku hizi vinatengenezwa. Babu yako amezikwa wapi? Rusimbi, nikamwambia, twende nikakuonyeshe kaburi. Imba wimbo wa taifa. Nikasimama katikati ya basi nikaimba beti zote mbili, na nilipomaliza nikaanza upya bila kuombwa, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka konda akanishika mkono, "Yatosha dada, kaa, tumwache mzee afanye kazi." Abiria walicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi Ujiji na lile neno, thibitisha, limenikwama kooni, na watu wa Kigoma wanaosoma hapa hawahitaji niwaeleze zaidi.

Ndipo nikakutana na ile gemu. Ilikuja kwenye CD ya majaribio iliyoletwa na mteja, gemu ya kujenga mji. Unapewa ufuko mtupu na kilima, unachora barabara, unaweka soko, unaleta maji, watu wanakuja wenyewe. Ya majaribio ilikupa saa moja tu, halafu inasimama na kusema ukitaka kuendelea nunua. Ile saa moja niliirudia siku tisa. Kila siku najenga mji uleule na kila siku unafungwa wakati ndiyo kwanza watu wameanza kuhamia. Rama alikuja kubadilisha ramu akanikuta nimefura. "Kwani tatizo nini?" akasema huku ameinama na bisibisi mdomoni. "Niachie dakika ishirini. Nitaifungua, hata haitauliza." Alikuwa na mkono huo, gemu zote za vijana pale chumbani zilipitia kwake, na sitajifanya leo kwamba sikujua. Lakini nikamwambia, "Hii hapana. Hii nainunua." Akatoa bisibisi mdomoni akanitazama. "Unanunua upepo, Maju. Hutapewa hata boksi."

Mwenye kadi ya benki inayoweza kununua mtandaoni nilimjua mmoja tu, Dada Upendo, mtaalamu wa maabara aliyehamishiwa kwetu kutoka Njombe. Alikuwa akija kuchapa fomu zake, mwanamke mpole anayevaa sweta hata jua likiwaka, kwa mazoea ya kwao. Nilipomweleza alidhani natania. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika, kisha akakaa kwenye benchi, akatoa kadi kwenye Biblia alikoificha, tukajaza zile nafasi pamoja, kidole kimoja kimoja. Barua pepe ikaja kwake ikiwa na msimbo wa kufungulia, herufi na tarakimu ishirini na tano. Niliunakili kwenye daftari, na kwa kuwa sikuliamini daftari niliukariri kichwani. Mpaka leo niamshe usingizini nitakusomea.

Kuipakua ilichukua siku kumi na moja. Modemu niliifunga kwenye mti wa chandarua nikautoa dirishani, maana ndani haikushika, na kwenye kioo paliandikwa asilimia. Mzee Baruani, aliyestaafu reli na aliyekuja kila asubuhi kuchapiwa barua ya kufuatilia mafao yake, hakupenda asilimia. "Hizo namba hazina maana," alisema. "Mzigo unatoka Dar? Basi niambie uko stesheni gani." Akakaa na kalamu akagawa mia kwa stesheni. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza asilimia. Wapita njia walichungulia dirishani wakinisalimu kwa Kiha cha kwetu, "Mwakeye Maju, mzigo uko wapi?" nami najibu, "Umelala Dodoma, umeme ulikatika." Siku ulipofika Tabora vijana walipiga makofi. Umeme ukakatika ukiwa Kaliua tukakaa siku nzima tumenuna kama waliofiwa. Uvinza ilipopita hakuna aliyetaka kuondoka, na mzigo ulipoingia Kigoma, Mzee Baruani alivua kofia.

Nikaweka ule msimbo. Kioo kikafikiri kidogo, kikaandika: Asante. Nakala yako imethibitishwa. Nilisoma mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Mwaka uleule ambao bwana wa kizuizini aliyafanya makaratasi yangu yote kuwa si kitu, mtu asiyenijua, ng'ambo huko, aliandika kwamba kilicho changu ni changu. Nilifurahi mpaka nikajionea haya. Nikajenga mji nikauita Rusimbi, kwa ajili ya babu. Kila siku baada ya alasiri, vijana wakigombania mpira kule, mimi nilikuwa nalaza mabomba. Mzee Baruani alisimama nyuma yangu akinyoosha mkwaju wake kwenye kioo. "Stesheni haiwekwi mbali na maji, mwanangu. Watu washuke kwenye treni waingie melini, kama hapa kwetu." Nikaihamisha.

Mwezi wa pili wa furaha yangu umeme ukaja na hasira zake ukaunguza mazabodi, ile sahani kuu inayobeba vifaa vyote vya kompyuta. Rama akatoa nyingine kikapuni, akafunga, mashine ikawaka. Gemu ikaniuliza: thibitisha. Nikaingiza msimbo, ikakubali. Sikuwaza kitu. Baadaye diski yangu ikaazimwa siku nne ikarudi pamoja na diski nyingine, na kadi ya mtandao ikabadilishwa: thibitisha. Nikathibitisha. Mara ya nne, baada ya Rama kubadilisha tena vitu viwili vitatu kama alivyofanya kila wiki, kioo kikaandika kwa wekundu kwamba nakala hii imetumika kwenye kompyuta nyingi kupita kiasi, na kwamba kampuni inapambana na wizi, na asante kwa kuelewa. Kwa ile mashine kule ng'ambo, kila kikapu kilipopita chumbani kwangu, kompyuta yangu ilikuwa imekufa na nyingine imezaliwa. Walihesabu wanawake wanne waliotumia msimbo mmoja. Na hao wanne wote walikuwa mimi, na M yenye mawese.

Nikaandika barua. Dada Upendo alinisaidia Kiingereza, nikakataa maneno yake ya upole yote. Alitaka tuanze na "Samahani kwa usumbufu." Nikamwambia nani amemsumbua nani? Tukaandika: Kompyuta ni moja. Chumba ni kimoja. Mimi ni mmoja. Vifaa vya ndani ni vya mtaa. Upendo alicheka mpaka akavua sweta alipofika kwenye kutafsiri kikapu. Jibu likaja, limeandikwa na mtu asiye na ubini, kwamba nisome masharti. Nikayasoma, kurasa zote, na sikuona mahali palipokataza kuazimana. Nikaandika tena na picha: kompyuta iko wazi tumbo, Rama pembeni na kikapu, mimi nimeshika daftari lenye msimbo. Safari hii likaja jibu refu kidogo. Wananipa nafasi moja zaidi, kwa hisani, na ya mwisho. Tafadhali nisibadilishe tena kifaa chochote.

Nilikubali, na sipendi kulikumbuka hilo. Nikachukua plasta ya hospitali kwa Upendo nikaizungushia boksi zima la kompyuta, nikaandika juu yake USIFUNGUE nikatia saini. Kikapu kilipopita, nilitikisa kichwa. Nilichukua vya watu miezi yote ile, na sasa nilikuwa sitoi. Hakuna aliyenigombeza, walinitania tu, na utani wa Ujiji unaingia mpaka kwenye mfupa. "Msimguse, kompyuta ya Maju iko eda," nilimsikia kijana mmoja akisema kwenye benchi. "Haitoki wala haipokei wageni." Rama peke yake hakutania. Alipita, akaweka kikapu chini, akaitazama plasta, akaniuliza mji umefika wapi, akaondoka. Na mji ulikuwa umefika mbali. Ulikuwa na shule tatu na hospitali yenye maabara niliyoiita ya Upendo.

Mvua za mwishoni mwa mwaka ziliingia na radi ya mchana mmoja ikapiga chini kwenye maduka ya jirani. Chumba alichokuwa Rama akisimamia siku ile kiliungua mashine zote, na palikuwa na darasa zima la vijana, watahiniwa wa kujitegemea, waliokuwa wakijisajili mtihani, na dirisha la kujisajili linafungwa jioni ile ile. Kwenye kikapu hakukuwa na mazabodi nzima hata moja. Kompyuta yangu ya pili ilikuwa inagoma tangu juzi. Walikuja wote, wamelowa, picha zao za pasipoti wamezificha chini ya mashati, wakasimama mlangoni kwangu, Rama mbele yao. Dada Upendo alikuwepo, amekuja kuchapa. Mzee Baruani alikuwepo.

"Maju, nipe mazabodi yako. Ina kila kitu ndani yake, naifunga kule kwenye laini nzuri ya mtandao, tunamaliza leo."

"Unajua nikiitoa kinachotokea."

"Najua. Ndiyo nasema, gemu nitakufungulia mimi. Hata kesho. Mji wako hauendi popote, mimi nipo."

Alisema kwa wema, na najua sasa kwamba alisema kwa wema. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba baada ya nyimbo zote na barua zote na siku kumi na moja za mzigo, nitaishia kuwa kile walichosema ndicho nilicho. Nikapandwa na hasira. "Sitaki kufunguliwa!" nikamwambia. "Sitaki kuingia nyumbani kwangu kupitia dirishani. Mimi nimelipa! Mimi si mwizi. Mwizi ni wewe, na kila mtu hapa anajua."

Mvua ilikuwa inapiga bati lakini kila mtu alinisikia. Rama alifuta bisibisi kwenye shati lake, pande zote mbili, taratibu. "Sawa, dada," akasema. Miaka yote hakuwahi kuniita dada. Nikaikamata plasta nikaibandua mwenyewe, ukucha ukakatika, nikatoa mazabodi nikampa. Wale vijana walijisajili wote. Mmoja wao sasa ni mwalimu Kalinzi na akinikuta mjini ananipa shikamoo kama mama yake. Siku tatu baadaye, kabla haijarudi kwangu, radi nyingine ikaimaliza. Rama alileta nyingine, akafunga kimya kimya, baada ya diski yangu kulala mezani kwake siku nzima, mashine ikawaka, gemu ikaniuliza, nikaandika msimbo, ikaniita mwizi. Niliandika barua ya tatu. Haikujibiwa. Rusimbi ikafungwa na watu wake ndani.

Tulikuja kuzungumza tena, bila shaka. Mji wenyewe mdogo huu, na mimi nilihitaji fundi. Alinitengenezea mashine zangu zote nilipohamia Mwanga, alikuja na kile kikapu chake akala chakula changu, akausifia mgebuka. Nilihudhuria harusi yake. Lakini lile neno sikulirudisha. Nilijiambia amelisahau, na nilikuwa najidanganya, maana mimi mwenyewe sikulisahau. Kiburi changu kilinisaidia sana maishani na sikionei haya, isipokuwa hapo.

Siku niliyotoka kwa Mwavita nilifunga duka mapema nikawasha mashine ya zamani ambayo bado inasoma CD. Nilitaka kwanza kupita mlango wangu. Lile faili la gemu, ule mzigo wa siku kumi na moja, nimelihamisha kutoka mashine hadi mashine miaka yote hii. Nikaliweka, likauliza msimbo, nikauandika bila daftari. Likazunguka sana. Kisha likasema haliwezi kumpata wa kuthibitisha. Nikatafuta kwenye simu nikaona tangazo fupi: huduma ya uthibitisho wa gemu hii ilisitishwa zamani, na kampuni inawashukuru wateja wake. Kwa maneno mengine, dunia nzima hakuna tena mtu anayeweza kunifungulia nilichonunua, hata akitaka. Mlango wa mbele wameuziba kwa saruji wakaondoka na pesa yangu na shukrani zao. Nilitukana kwa Kiha, maana Kiswahili hakikutosha.

Ndipo nikatia CD ya Rama. Lilikuwemo folda moja, na jina lake ALISHALIPA. Nikalifungua. Gemu haikuuliza chochote. Ufuko ukatokea, kisha kilima, kisha barabara zangu, na stesheni palepale kando ya maji ambapo Mzee Baruani, Mungu amrehemu, aliinyooshea mkwaju. Hospitali ya Upendo. Shule tatu, na ya nne niliyokuwa nimeianza asubuhi ile ya radi, kuta nusu. Hapo nilielewa. Ule mji ulikuwa umenakiliwa kutoka kwenye diski yangu siku ile ilipolala mezani kwake, wiki ileile niliyomwita mwizi. Rama alikuwa ameitengeneza ile CD tayari, akaiandika jina langu, akaiweka kwenye kikapu, na akaja nayo kwangu, dukani kwangu, kwenye sahani yangu, miaka zaidi ya kumi na tano, bila kuitoa, kwa sababu nilisema sitaki. Nililia, na sikujifuta.

Siku ya arobaini nilifika na mchele wangu. Baada ya hitima, wanaume wakiwa bado uani, niliingia chumba cha ndani kilichojaa wanawake, nikakaa mbele ya Mwavita nikasema bila kupunguza sauti. "Uliniuliza swali. Ile CD ni yangu. Hakuichukua kwangu, nilimwachia yeye, mimi ndiye niliyechelewa kuifuata. Rama hakuwa mwizi. Mimi nilimwita hivyo mbele za watu, nilikosea, na ninalirudisha mbele za watu. Haki iliyopo ni yake kwangu, si yangu kwake."

Mwavita alifunika uso kwa mtandio. Bibi mmoja pembeni, asiyenijua, aliuliza kwani ni kitu gani chenyewe. Mwingine akamnong'oneza. "Gemu?" bibi akasema kwa sauti. "Watu wazima mnasemeana hivi kwa ajili ya gemu?"

"Ndiyo, bibi," nikamjibu. "Gemu. Niliilipia."

Mwavita alinisukumia kikapu na bisibisi zilizobaki ndani yake, akasema mtaa bado una mashine na mtu wa kubeba hayupo. Mlango wa uani ulikuwa karibu zaidi. Nikakishika kwenye ule mpini wa khanga, nikatoka kwa mlango wa mbele.